Nyumba za Butembo na Nyumba za Beni

Wasomaji wetu wa pwani wakisikia kwamba mji wa Butembo u karibu kabisa na mstari wa Ikweta, yapata kilometa 15 tu upande wa kaskazini, hudhani mara moja ya kuwa watu wa huko hushinda wakijipepea. Sivyo hata kidogo. Mwezi wa Julai, saa kumi na mbili asubuhi, ukungu umelala mabondeni, na waendesha pikipiki wanaongoja abiria wamevaa makoti mazito yenye manyoya shingoni. Makoti hayo yalishonwa kwa ajili ya theluji ya Ulaya na Marekani. Yalichakaa huko, yakafungwa robota, yakavuka bahari pamoja na mitumba mingine, na sasa yanamaliza maisha yao penye Ikweta, yakifanya kazi ile ile yaliyoshonewa. Akina mama wanaoteremka sokoni na mizigo ya viazi wamejitanda mablanketi. Adhuhuri jua likiwaka vizuri makoti yatavuliwa. Magharibi yatavaliwa tena.

Sababu yake ni kimo. Butembo umejengwa juu ya vilima, meta 1,700 na zaidi kupita usawa wa bahari, na kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyopungua joto, zaidi kidogo ya nusu digrii kwa kila meta mia. Ndugu yake Butembo, yaani mji wa Beni, uko kilometa 54 tu kaskazini, lakini umekaa chini, katika meta 1,100 na kitu, mahali msitu mkubwa wa Ituri unapoanzia. Fanyeni hesabu, ninyi wanafunzi: tofauti ya meta 600 ni digrii tatu na nusu au nne. Na ndivyo ilivyo kweli. Wastani wa joto la mwaka mzima katika Butembo ni kama digrii 18, na katika Beni ni kama 22 au 23. Digrii nne mtu aweza kuzidharau akiwa darasani. Akilala nazo usiku kucha chini ya bati, hatazidharau tena.

Katika Ulaya baridi huja na mwezi wake, ikaondoka na mwezi wake. Huko wana majira manne, na nyumba ile ile moja yapaswa kumkinga mtu na theluji ya Januari na jua kali la Julai. Huku kwetu kalenda haibadilishi mengi. Baridi ina makao yake, na joto lina makao yake, na ni mtu mwenyewe anayehama kutoka moja kwenda jingine. Kwa hiyo anayetaka kuyaona majira mengi kwa siku moja hana haja ya kungoja mwaka uzunguke. Apande gari tu.

Aingie kutoka Uganda kwa mpaka wa Kasindi. Hapo yuko si mbali na Ziwa Edward, katika nchi tambarare ya meta 900 na kidogo, na jasho linamtiririka mgongoni. Walakini akigeuza uso mkono wa kuume, mawingu yakimkubalia, ataiona Ruwenzori, ambayo kilele chake cha Margherita kina meta 5,109, na juu yake kuna barafu. Mwaka 1906 Mwitaliano yule, Mtawala wa Abruzzi, alipoipanda, barafu za mlima huo zilifunika zaidi ya kilometa za mraba 6. Wataalamu walipozipima mwaka 2003 ilikuwa imebaki kama kilometa 1 ya mraba, na tangu hapo zimezidi kupungua. Miguuni pa mlima, huko Mutwanga, Mbuga ya Virunga ilifungua mwaka 2013 mtambo mdogo wa umeme unaozungushwa na maji ya mto Butahu. Wengi husema kwamba umeme huo ni wa barafu. Neno hilo lapendeza masikioni, lakini maji ya mito ya Ruwenzori karibu yote ni ya mvua. Barafu inatia sehemu ndogo sana.

Kisha msafiri anapita Bulongo, anavuka mto Semliki, anaanza kupanda hadi Beni. Safari yote kutoka mpakani ni kilometa 80 hivi. Naisimulia kana kwamba ni safari nyepesi, lakini sivyo. Tangu mwezi wa Oktoba 2014 nchi ya Beni imeteswa na mauaji ya kutisha ya raia, na barabara hii imevamiwa mara nyingi. Huzuni hiyo huingia hata katika habari za madirisha, kama mtakavyoona.

Nyumba ya kawaida ya Beni leo ina kuta za matofali, au za miti na udongo, na juu yake mabati, ambayo watu wa Kivu huyaita manjanja. Bati lina sifa zake: halivuji likipigiliwa vizuri, halishiki moto, na halitaki kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini ni jembamba mno. Jua la saa saba mchana likilipiga, huwa moto usiogusika, na joto lake hushuka moja kwa moja juu ya vichwa vya waliomo ndani. Nyumba ya nyasi ya wazee wetu haikuwa hivyo, kwa kuwa nyasi nene hufungia hewa katikati yake, na hewa iliyotulia haipitishi joto upesi. Babu alilala pazuri kuliko mjukuu wake mwenye bati, isipokuwa usiku ule mvua ilipopata tundu.

Dawa ya joto isiyo na gharama kubwa ni upepo. Nyumba ikipewa madirisha yanayoelekeana, hewa huingia huku ikatoka kule. Na kwa kuwa sisi wa Ikweta jua letu huchomoza mashariki, hupita utosini, hushuka magharibi, yafaa urefu wa nyumba ulale mashariki na magharibi, na madirisha yatazame kaskazini na kusini, ili kuta ndefu zisipigwe na jua la asubuhi na la jioni. Baraza pana hutia kivuli ukutani. Mwembe au mparachichi uliopandwa upande wa machweo hufanya kazi ya feni bila kudai umeme, tena huzaa.

Haya yote mafundi wa Beni wanayajua. Lakini dirisha kubwa lililo wazi usiku huingiza mbu, na malaria ya nchi za chini si kitu cha mchezo. Hilo lina dawa: wavu wa waya dirishani na chandarua kitandani. Dirisha lililo wazi huingiza pia wizi, na katika miaka hii ya vita huingiza hofu iliyo kubwa kuliko wizi. Basi watu wengi wa pembeni mwa mji na wa vijiji vya kuelekea Mbau na Oicha huingia ndani mapema, hufunga mbao za madirisha, hulala ndani ya joto lote ambalo bati lililikusanya mchana. Ukimwambia mtu wa namna hiyo afungue dirisha apate hewa, atakutazama tu. Yambidi apate hewa kwa njia nyingine: matundu yaliyoachwa katika matofali juu kabisa ukutani, karibu na paa, membamba hata mkono haupiti, ambayo hewa moto hutokea kwayo, kwa maana hewa moto hupanda sikuzote. Matundu hayo hayaombi fedha. Yaomba tu kukumbukwa siku ya kujenga.

Mashine za kupoza hewa, yaani viyoyozi, hupatikana katika hoteli na ofisi chache, na zinafuata umeme au jenereta. Lakini Beni iliwahi kuwa na vyumba vya namna yake, ambavyo watu wataendelea kuvisimulia. Wakati wa Ebola, iliyotangazwa Agosti 2018 ikaisha Juni 2020, ikiwa imewashika watu 3,470, hasa katika Kivu ya Kaskazini na Ituri, na kuwaua 2,287, shirika la ALIMA lilileta vyumba vya plastiki nyangavu viitwavyo CUBE. Mgonjwa alilala ndani penye kiyoyozi, na mama yake akasimama nje akimwona uso kwa uso pasipo hatari. Waliotaabika kwa joto ni wauguzi wa wodi nyingine, waliovaa mavazi ya kujikinga mwili mzima. Ikipita kama saa moja iliwabidi kutoka na kuvua. Na chanjo yenyewe, waliyopewa watu zaidi ya 300,000, ilitunzwa katika baridi ya digrii 60 hadi 80 chini ya sifuri, kali kushinda barafu yoyote ya Ruwenzori, nayo ilipelekwa hivyo hivyo katika vyombo maalumu mpaka miji isiyo na umeme wa kutosha taa. Kumbe baridi nayo yaweza kusafirishwa, watu wakiazimia.

Sasa tupande. Barabara ya Butembo yapita Kabasha na Maboya, na kadiri gari linavyopanda abiria wanapandisha vioo vya madirisha. Miti ya msitu inaachana na mikaratusi iliyopandwa kwa mistari. Inatokea mashamba ya maharage na viazi yakining'inia katika miteremko ambayo mtu wa tambarare angeogopa kusimama. Butembo ni mji wa wafanya biashara, mashuhuri hata Dubai na Uchina, na wengi wao ni Wanande, watu wasiopenda kukaa bure. Karibu na mabonde ya udongo mfinyanzi utaona tanuru za matofali zikitoa moshi. Matofali ya kuchomwa ni fahari ya mji huu. Magorofa yamejengwa kwayo, na makanisa, na shule. Tena ukuta wa tofali ni ghala la joto: hulinywa jua la mchana polepole, na hulitoa polepole vile vile jioni, wakati watoto wanapoanza kutetemeka. Hasara yake ni kwamba tanuru hula kuni, na mikaratusi iliyopandwa leo huchomwa kabla haijanenepa. Tofali bichi lililokaushwa juani, likijengwa nene na kusimamishwa juu ya msingi wa mawe, likapewa paa lililotokeza ili mvua isilipige, hutunza joto sawasawa na ndugu yake aliyechomwa. Wenye nyumba hulidharau kwa sababu ya rangi yake. Mimi naona ni kosa.

Lakini ukuta hautoshi. Usiku wa Butembo joto huweza kushuka hata digrii 12 hivi, na bati lile lile lililomchoma mtu wa Beni mchana, hapa humgandisha mtu usiku, kwa kuwa hupoteza joto lake mbinguni upesi sana mawingu yakiondoka. Alfajiri pumzi za waliolala hugeuka maji chini ya bati baridi, na matone hudondoka juu ya blanketi. Mgeni hudhani paa lavuja. Halivuji, nyumba imenyeshewa na watu wake wenyewe.

Zamani wazee wa milimani walikuwa na moto katikati ya nyumba. Moshi ulipenya katika nyasi za paa ukatoka, ukiwafukuza wadudu njiani. Macho yaliwasha, vifua vilikohoa, lakini paa lilipumua. Wazungu walowezi waliolima nyanda za Lubero, zilizo juu zaidi ya Butembo, walijenga nyumba zenye mahali pa moto ukutani na dohani ya matofali, kama kwao. Sisi tuliofuata tumechukua bati na saruji, tukaiacha dohani. Jambo hili dogo limegharimu maisha ya watu.

Maana moto haukuacha kuingia nyumbani. Siku hizi huingia ndani ya mbabula, yaani jiko la makaa linalobebeka. Jioni mama ameivisha maharage jikoni, makaa yamebaki mekundu, hayana moshi, na chumba cha watoto ni baridi kama kisima. Anafanyaje? Anaibeba mbabula chumbani, anafunga mlango, anaziba kwa kitambaa upenyo ulio chini yake ili joto lisitoke. Anafanya hivyo kwa upendo. Wala hajui kwamba makaa yale mekundu yasiyo na moshi ndiyo yenye hatari kuu, kwa sababu yakikosa hewa ya kutosha hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, isiyo na rangi, isiyo na harufu, isiyowasha macho wala kukohoza. Gesi hiyo huingia katika damu ikakalia mahali pa hewa safi. Kwanza kichwa huuma, kisha huja kizunguzungu na kichefuchefu, kisha usingizi mzito. Asubuhi jirani hubisha hodi, na hakuna anayeitika. Watu huanza kunong'ona habari za sumu na uchawi, na ukoo hugombana juu ya makaburi, hali mshitakiwa wa kweli yumo pale pale katikati ya chumba, amejaa majivu.

Ukiamka usiku kichwa kinauma, na mwenzako naye vivyo hivyo, usitafute kidonge. Fungueni mlango, watoeni wote nje penye hewa, hata kama mvua inanyesha, ndipo mpeleke walio dhaifu hospitali na kumwambia mganga kwamba kulikuwa na makaa ndani. Moshi wa kuni nao unaua kwa miaka: Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 hewa chafu ya moto wa majumbani iliondoa watu milioni 3.2 duniani, na miongoni mwao watoto wadogo ni wengi.

Ndugu zetu waliohamia Bruxelles wana habari nyingine za kusimulia. Huko joto ni huduma, kama maji ya bomba. Chini ya nyumba au jikoni kuna boila inayochemsha maji na kuyazungusha katika vyuma vilivyofungwa ukutani, na kila chumba hupata sehemu yake. Katika Ubelgiji sheria yenyewe inaamuru kwamba boila ya mafuta ikaguliwe na fundi mwenye cheti kila mwaka, na mwenye nyumba hutunza karatasi ya kuthibitisha. Hata hivyo gesi ile ile ya mbabula haijaacha kuwaua hata watu wa huko, boila ikiharibika au dohani ikiziba. Ndiyo sababu wengi hutundika ukutani kengele ndogo inayolia gesi ikizidi. Nalitaja jambo hili ili mtu asidhani ya kuwa hatari hii ni aibu ya maskini.

Fundi wetu wa joto katika Butembo, na fundi wetu wa baridi katika Beni, ni seremala. Huenda jambo hili likawashangaza. Kitu kimoja chaponya nyumba zote mbili, nacho ni dari. Ukipigilia dari chini ya bati, unafungia kati yake hewa iliyotulia, kama zile nyasi za babu. Katika Beni hewa hiyo huzuia joto la bati lisishuke. Katika Butembo huzuia joto la watu lisipande na kupotea, na bati likitoa matone hayafiki kitandani. Wenye uwezo huweka tripleksi, yaani zile mbao nyembamba zilizogandishwa pamoja. Asiye nao aweza kuweka mikeka ya matete iliyokazwa vizuri juu ya fito. Chumba kimoja kwa mwaka si vibaya. Aanze na cha watoto. Tofauti ni moja tu: katika Beni matundu ya juu yawe makubwa na mengi, hata juu ya dari, ili hewa moto ikimbie; katika Butembo yawe machache na madogo, lakini yasikose kabisa, wala mtu asiyazibe kwa udongo akidhani anaongeza joto.

Na mbabula? Ichomwe nje mpaka moshi uishe, ipikiwe jikoni penye mlango wazi, na usiku ilale nje au barazani, kamwe si chumbani. Watoto waote moto jikoni jioni, pamoja na hadithi, kisha wapande kitandani wakiwa wamekwisha kupata joto, wawili wawili chini ya blanketi moja zito. Chupa iliyojazwa maji moto, ikafungwa barabara na kuviringishwa nguo, ikiwekwa miguuni hudumu mpaka usiku wa manane.

Jambo hili si la wenyeji wa Butembo peke yao. Tangu 2014 maelfu ya watu waliokimbia mauaji ya Beni, ya Oicha na ya vijiji vya msituni wamepanda mpaka huku, wengi wao pasipo kitu ila nguo walizovaa, na nguo hizo ni za nchi ya joto. Baadhi wamejenga vibanda vya turubai, lakini wengi wamepokewa ndani ya nyumba za jamaa na hata za watu wasiowajua, familia mbili au tatu chini ya bati moja. Mgeni wa namna hiyo hajazoea baridi. Usiku wa kwanza macho yake huifuata mbabula iliyo nyekundu, naye huuliza kama aweza kuisogeza karibu na watoto wake. Mwenyeji mwema humpa blanketi, humweka katika chumba kilichopakana na jiko, kisha huichukua mbabula mwenyewe kwa mikono miwili, na kuitoa mpaka ukingo wa baraza.